Vijineno Kumi vya Mpakani, Kuanzia Mpole Hadi Mchokozi

Kwenye makaratasi ya serikali mji huu wa Rwanda ni Rubavu. Mdomoni umebaki Gisenyi. Upande mmoja umezuiwa na Ziwa Kivu, upande wa pili umezuiwa na Goma, na baina ya miji hii miwili pana njia mbili mashuhuri za kuvukia. Grande Barrière ni ya wenye magari na mabegi ya magurudumu. Petite Barrière ni ya wenye beseni kichwani na mtoto mgongoni, na kabla ya korona ilikuwa ikipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao wakiwa na kitu cha kuuza au hamu ya kununua.

Hapo ndipo Kiswahili kinapokutana na ndugu zake wasiofanana naye sura. Kuna cha Kivu, upande wa Kongo, ambacho Wabelgiji walikizoea kwa jina la Kingwana. Kuna cha madereva wa malori kutoka Dar es Salaam. Kuna cha Wakenya waliofuata biashara. Kuna na cha darasani, kilichopata cheo Februari 2017, wabunge wa Rwanda walipopitisha sheria ya kukifanya lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Mgeni akifika huogopa msamiati. Ameshaonywa kwamba kwa mtu wa Goma kuuza ni kununua, na kule kuuza kwetu yeye hukuita kuuzisha. Inatisha kwa siku mbili. Siku ya tatu anang'amua kwamba mwenye kutoa noti ndiye mnunuzi, tendo lenyewe liitwe vyovyote litakavyoitwa, na maisha yanaendelea. Vitenzi vina mikono. Ukishindwa kuelewa, unatazama.

Vijineno havina mikono. Nazungumzia si, tu, basi, mbona, ati na wenzao. Hawa hawataji kitu. Wanataja msemaji anakichukuliaje kitu hicho. Ana hakika au kasikia tu? Anaomba au anaamuru? Kakasirika au anatania? Sarufi hazijui pa kuvilaza: ukurasa huu ni viunganishi, ukurasa ule ni vielezi, na vikizidi ukorofi vinatupwa kwa vihisishi, vikalale na lo! na ala! Na kwa kuwa kila lahaja imevilea kwa adabu zake, ni hivi hivi vinavyogombanisha watu mpakani.

Nimepanga kumi, nikihesabu kurudi nyuma. Kipimo ni kimoja: kadiri kijineno kinavyoweza kukupandishia bei ya sambaza, ndivyo kinavyopanda daraja. (Sambaza, kwa msomaji wa mbali, ni dagaa wa Kivu. Walitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakamwagwa humu, na leo wanajifanya wenyeji kuliko wenyeji.)

10. Kabisa

Tuanze na mpole. Mtanzania huliegemeza neno hili kwenye jingine: nzuri kabisa, sitaki kabisa, umepotea kabisa. Kinyarwanda kililiazima, kikalipa uraia, kikalifundisha kusimama peke yake. Sasa ni jibu kamili, na kutikisa kichwa kumo humo humo.

"Leo jua kali."

"Kabisa."

"Na nyanya zimepanda bei."

"Kabisa."

"Basi nipunguzie."

Kimya. Kabisa hukubaliana nawe kuhusu hali ya dunia. Kuhusu pochi yake, mjadala haujafunguliwa.

9. Pe na se

Hawa ni Wanyarwanda halisi waliokuja kukitembelea Kiswahili wakakataa kurudi kwao. Pe hukaza. Murakoze ni asante. Murakoze pe ni asante iliyotiwa muhuri. Se hukaa mwishoni mwa swali na kumrudishia mwenzako mpira: Wowe se? ni "Na wewe je?" Ukikaa Gisenyi siku chache utasikia "asante pe" na "bei gani se?" kutoka kwa watu ambao wangeapa kwamba wanaongea Kiswahili kitupu.

Mwalimu huvikata kwa wino mwekundu. Namwelewa, mtihani ni mtihani. Lakini pe ina kazi ambayo sana haiiwezi: sana inapima, pe inaapa. Ama kuhusu se, anayejifunza Kinyarwanda huambiwa pia kwamba se ni "baba yake", naye hubaki akijiuliza kwa nini kila swali linamleta mzee.

8. Kumbe

Huyu anavuka bila kuonyesha kitambulisho. Lamu, Mwanza, Kampala, Bukavu: kumbe ni kumbe, mtu amegundua jambo na halimfurahishi sana. Kinyarwanda kina burya, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo kwa majivuno zaidi. Mwenye kumbe amegundua sasa hivi. Mwenye burya anaweza kuwa aligundua zamani, akakaa nalo, na leo ameamua kukufundisha. Ukisikia sentensi imeanza kwa burya, tafuta pa kukaa.

7. Bwana

Dar es Salaam, bwana kama kijineno hakina jinsia. "Acha bwana!" anaambiwa mwanamume, mwanamke, mtoto, hata injini ya gari iliyogoma. Nairobi imelikatakata likawa bana, na hapo hata ile heshima iliyokuwa imebaki imekwenda zake. Maana yake pande zote mbili ni karibu moja: mimi na wewe tunajuana, usinisumbue.

Sasa mpeleke dereva wa lori kwa mama wa Goma mwenye sambaza.

"Punguza bwana, mama."

"Bwana yangu iko Goma. Weye unamutafutiya nini?"

Upande wa Kivu bwana ni mume, na bibi ni mke. Dereva aliyekwenda kutafuta kitoweo amejikuta anatakiwa kujieleza mbele ya ukoo. Ushauri wangu kwake ni mama, papa, au yaya kwa mtu aliyekuzidi umri kidogo. Haya hufanya kazi Goma nzima na hayajamwozesha mtu. Akitaka kijineno cha kirafiki upande wa Rwanda, kuna sha, kama katika "Bite sha?" Ila sha ni ya rika. Ukimpa mzee sha, utapewa kabisa ya aina nyingine.

6. Labda

Hili lina historia ya aibu, na nitaisema. Labda limetoka kwenye Kiarabu la budda, yaani hakuna kuepuka, ni lazima. Neno la budd hilo hilo ndilo lililotupa budi, tunaposema hatuna budi kuondoka. Ni pacha wawili wa tumbo moja. Mmoja alibaki na msimamo wa mama yao. Mwingine alipofika pwani alipunga upepo, akanywa madafu, akaanza kusema "tutaona".

Kinyarwanda kina wenda kwa maana hiyo hiyo, na mwenye sikio atamsikia humo binamu wa huenda. Kwa hiyo shaka inatafsirika vizuri Gisenyi. Watu wa huku hawajawahi kukosa namna ya kutokuwa na hakika. Kinachobadilika ni uzito. Labda ya rafiki ni nusu kwa nusu. Labda ya karani wa ofisi ni robo. Labda ya fundi cherehani wiki ya sikukuu ni salamu tu.

Sambaza wa "labda kesho" hawajawahi kuliwa na mtu.

5. Mbona

Mtanzania au Mkenya akisema "Mbona umechelewa?" hajauliza sababu kwa amani. Kwa nini ni swali. Mbona ni swali lililokuja na kiboko mgongoni. Ndani yake kuna: nilitarajia vingine, na wewe ndiye uliyeharibu.

Kwa Mnyarwanda, sauti hizo hizo, mbona, ni "naona". Ni kitenzi cha kawaida, nafsi ya kwanza, hakina ugomvi na mtu. Basi mwajiri kutoka Arusha anamaka, "Mbona umechelewa?" na kijana wa Gisenyi, ambaye Kiswahili chake bado kina tope la Kinyarwanda miguuni, anasikia kitu kama "Naona umechelewa." Anajibu kwa adabu: "Ndiyo." Amekubali. Ameona naye. Hana la kuongeza.

Mwajiri anadhani ni kiburi. Kijana anadhani wamekubaliana. Nimependa sana kosa hili kwa sababu sentensi inabaki na maana timamu kwa wote wawili, na hakuna hata mmoja atakayeshtuka kwamba pameharibika kitu. Makosa mengine yanapiga kelele. Hili linakaa mwaka mzima.

Mwenyeji wa Kivu yeye huuliza juu ya nini, moja kwa moja. Ana hasira zake, lakini haziweki kwenye neno hilo.

4. Basi

Hapa nitaomba mnivumilie, maana basi ndiyo roho ya soko. Sikilizeni mapatano haya ya ndoo ndogo ya sambaza:

"Basi, elfu mbili."

"Elfu mbili na mia tano, basi."

"Aa, mama, basi!"

"Basi."

"Basi, basi, unamwaga!"

Basi ya kwanza ni "ikiwa ni hivyo". Ya pili imefunga mlango: sishuki tena. Ya tatu inapiga magoti. Ya nne imeridhia, na kwa sauti ya chini, maana anayeridhia hapendi wenzake wa meza za jirani wasikie. Zile za mwisho ni za mtu anayeona dagaa wanarudi ziwani. Mazungumzo mazima yamebebwa na kijineno kimoja, na hatujamtaja hata samaki. Mkenya angeongeza "haya basi" ya kuagia kwenye simu, ambayo hurudiwa mpaka salio linakwisha. Kisha hao wote wanapanda basi kurudi Kigali.

Asili yake ni Kiajemi, bas, yaani inatosha. Ilishuka kwa majahazi ya kaskazi pamoja na mambo mengine ambayo hatukuyaomba. Wakurdi, ambao ni majirani wa Mwajemi kwa milima, nao wanayo. Kwa Mkurdi wa lahaja ya Kurmanji bes e! ni "yatosha!" Nenda kwa mwenzake wa Sorani, neno hilo hilo limepata kazi za ziada: ni "tu", na ni "lakini". Nalisema hili kwa wale wanaodhani lahaja za Kiswahili ndizo pekee zinazogombania vitu vidogo. Wakurdi wanagombania vile vile, ila wao hawana sambaza.

Mimi ningempa basi nafasi ya kwanza kwa uchapakazi. Lakini kipimo chetu ni madhara, na basi, kwa wingi wa maana zake, humwokoa mtu mara nyingi kuliko inavyomtosa. Ukiitamka tu, mwenye duka atakuchagulia mwenyewe maana inayomfaa.

3. Si

Herufi mbili, na watoto wa shule wanalia. Wamefundishwa kwamba si ni kukanusha: huyu si mwalimu, hiki si kitabu. Kinyarwanda chenyewe kina si ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo somo linaingia mara moja na kuota mizizi. Halafu anatokea Mkenya mkarimu na kusema: "Si ulete chai!"

Mtoto wa watu harudi na chai. Amesikia usilete.

Si hii haikanushi kitu. Inamwambia mwenzako kwamba jambo liko wazi kiasi kwamba kukataa kungekuwa ajabu. "Si nilikuambia?" yaani nilikuambia, na unajua, na mimi najua kwamba unajua. "Si tukae hapa?" yaani tukae, nani atakataa? Nairobi imeipeleka mbali zaidi, imekuwa njia ya kuomba bila kuonekana umeomba: "Si unisaidie na mia." Hapo mtu amekukopa, na lawama ya kukataa iko kwako.

Ajabu ni kwamba Mnyarwanda ana kipande cha mtego huu kwao. Husema si byo? mwishoni mwa kauli, sawasawa na sindiyo? ya Mtanzania, na ama? ya Mkenya. Kwa hiyo si ya mwisho anaimudu, si ya mwanzo inamwangusha. Kwenye sambaza hali ni hii: mnunuzi kutoka Nakuru anasema, "Si unipunguzie," akitaka upole. Muuzaji aliyelelewa na vitabu anasikia katazo la kupunguza. Anatii. Nani hapendi mteja wa namna hiyo?

Mtu wa Kivu hulegeza ombi kwa njia nyingine: kwanza. Ngoja kwanza, leta kwanza, angaliya kwanza. Usikae kungoja cha pili, hakimo kwenye mpango.

2. Njo na paka

Wamegawana nafasi hii kwa sababu hutembea pamoja, na kwa sababu orodha ni yangu.

Tuanze na njo. Kiswahili cha vitabu kina ndi-, chombo cha kusisitiza, nacho kinadai kuvishwa sare ya ngeli kila kinapotoka nje: ndimi, ndiwe, ndiye, ndicho, ndivyo, ndipo, ndimo. Mwanafunzi wa Gisenyi huzikariri usiku kwa mshumaa. Ng'ambo ya kizuizi, Kivu imezikunja zote ikaweka njo. Miye njo, weye njo, ile njo, njo vile, njo maana. Sare moja inamtosha kila mtu. Wapenda sarufi huita hili umaskini. Nadhani hawajawahi kuhesabu muda uliookolewa.

Tatizo ni kwamba njo na njoo hazipishani sana kwa sikio la mtu wa Dar.

"Miye njo mwenye duka," anasema mama.

Dereva anasogea.

"Nasema, miye njo!"

Dereva anasogea tena. Yuko karibu kuingia nyuma ya meza, na yule bwana wa Goma wa nafasi ya saba bado hajapata taarifa.

Paka ndiye mkubwa wao. Sahau mnyama. Ni mpaka aliyepoteza m njiani, na kutoka "hadi" amefika "tu", "hasa", "ni hivyo hivyo na si vinginevyo". Niko paka muzuri: sijambo tu. Tuko paka vile: hali haijabadilika, usiulize zaidi. Mtu wa pwani huweka tu nyuma ya neno, mtu wa Kivu huweka paka mbele yake, na kazi karibu ni ile ile: kufupisha matarajio ya msikilizaji. Tu ni ya unyenyekevu zaidi, "karibu tu", "sawa tu", hata pale ambapo si sawa. Paka ni ya msimamo. Ukiwaunganisha hawa wawili unapata njo paka ile, "ndiyo hiyo hasa", kauli ambayo baada yake hakuna tena majadiliano.

Balaa huja kwenye simu. Mgeni anapiga kuulizia kama mwenyeji wake yupo, anajibiwa: "Ku nyumba kuko paka mutoto." Maana yake, nyumbani kuna mtoto tu. Mgeni anakuja na maziwa.

Kwa nini kamusi hazikumpokea? Kwa sababu ya tarehe na mipaka. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo na Ruanda-Urundi zilikuwa chini ya Wabelgiji, hazikuwamo. Lugha iliyokuwa imeingia bara na misafara ya akina Tippu Tip iliachwa ijilee yenyewe kwenye migodi, misheni na masoko. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilishindwa mkutanoni lakini angalau kilikuwa na watu wa kukitetea. Kivu haikuulizwa. Paka akaendelea kunenepa mitaani, na leo, kwenye mji ulio mpakani kuliko miji yote, sikio lisilomjua paka halinunui kitu kwa bei ya wenyeji.

Na sambaza? "Ni paka elfu tatu." Hapo umeambiwa bei, na umeambiwa pia kwamba mkutano umefungwa.

1. Ati

Mshindi, na hakuna aliyemkaribia.

Pwani na bara yote, eti na ati ni vijineno vya kusikia. Msemaji anaeleza jambo na hapo hapo anajitoa: sikuwepo, usinishike shati. Ukiongeza sauti kidogo inakuwa dhihaka: "Eti yeye ni daktari!" yaani hata sindano hajawahi kuishika. Dar es Salaam eti pia hufungua swali la upole, "Eti mwalimu, kesho kuna shule?" Mombasa ati huweza kukaa mwishoni na kusukuma: "Njoo ati!" Nairobi ikisimama peke yake, "Ati?", ni "umesemaje?", na mara nyingi amesikia vizuri sana.

Kumbe ati Kinyarwanda pia ipo, na haina shaka hata chembe. Ni kitenzi kidogo cha kunukuu, na kinabadilika kwa nafsi: nti, uti, ati, tuti, muti, bati. Arambwira ati, na baada yake yanafuata maneno ya mtu, kama alivyoyasema. Ati ya Mnyarwanda ni nukta pacha yenye sauti. Akitaka kusema "wanasema, mimi simo", ana neno jingine, ngo. Ngo araje: inasemekana anakuja, ukimngoja ni juu yako.

Tazameni sasa kinachotokea. Mnyarwanda anayeongea Kiswahili anasema, "Mkuu wa soko alisema ati bei imeshuka." Kwake huo ni ushahidi safi, amenukuu. Mkenya anasikia kejeli: huyu mkuu wa soko ni mwongo. Anakataa kununua mpaka apate uhakika. Bei inapanda. Na kinyume chake, Mkenya anayesema kwa dhihaka, "Ati wana sambaza wabichi," atashangaa kuona rafiki yake Mnyarwanda anashukuru kwa taarifa na kwenda kupanga foleni.

Kwa kawaida haya ni ya kuchekesha. Yako majira ambayo si ya kuchekesha, na mji huu unayajua. Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka. Waliokuwa Gisenyi hawakuhitaji kijineno chochote, mbingu ya upande wa Goma ilikuwa nyekundu na watu walikuwa wanavuka na magodoro kama walivyovuka ulipopasuka Januari 2002. Lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Shida ya lugha ilianza siku zilizofuata, matetemeko yalipokuwa yanapasua kuta Goma na Gisenyi pia, na kila mtu alikuwa na habari kutoka kwa mtu. Ati unapasuka tena. Ati magma iko chini ya mji. Ati ziwa litalipuka.

Katika hizo, ya pili ilikuwa tangazo rasmi: alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, akieleza kuwa magma ilikuwa chini ya mji na kuelekea chini ya ziwa. Ya tatu haikutokea, lakini haikuwa ndoto ya mlevi pia, kwa kuwa Ziwa Kivu limebeba vilindini takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Ya kwanza ilikuwa hofu. Zote tatu zilifika masikioni zimevaa ati ile ile. Kwa sikio la Kinyarwanda, zote ni nukuu, kimbia. Kwa sikio la Mombasa, zote ni porojo, kaa. Lugha ambayo ingetofautisha ati na ngo siku zile ingekuwa na faida, na ilikuwepo, kilomita sifuri kutoka hapo. Kiswahili chetu kingeweza kuiazima, kama kilivyoazima vingi kwa watu wa mbali zaidi.

Siku za amani, ati inarudi kwenye kazi yake ya kuchelewesha foleni ya Petite Barrière. Mnyarwanda anataja bei. Mkenya hakuisikia, au kaisikia mno, anasema: "Ati?" Halafu ananyamaza, akingoja irudiwe. Mnyarwanda naye amenyamaza, amefungua masikio, kwa sababu mtu akishasema ati kinachofuata ni maneno ya mtu. Anangoja amalizie. Wanatazamana. Mara nyingi huja mtu wa tatu kuwaamua, kwa Kifaransa.